Asiyevunja Ungo Naye ni Mtu Mzima

Msichana akivunja ungo hukabidhiwa somo, akafundwa, na jamaa wote wakajua kuwa amekua. Je, yule ambaye kimo chake kimesimama, miaka 20 imepita, 25 imepita, na hedhi hajaiona? Huyo anafundwa na nani? Aghalabu hafundwi na mtu. Hupewa majina tu.

Moja ya sababu za hali hiyo inaitwa Turner. Mwaka 1938 Dakta Henry Turner wa Oklahoma, Marekani, alieleza habari za wagonjwa wa kike saba, wafupi na wasiopevuka. Mwaka 1959 wataalamu wa Uingereza wakagundua chanzo. Mwanamke kwa kawaida ana kromosomu mbili za X. Hawa wanayo moja, na ya pili haipo au ina kasoro. Hutokea kwa mtoto wa kike mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Si laana, si kosa la mama wala la baba, na kwa kawaida hairithiwi.

Kinachotokea ni kwamba vifuko vya mayai huchakaa mapema mno, na homoni iitwayo estrojeni ikakosekana. Wachache hupata hedhi kwa muda, kisha ikakatika. Tumbo la uzazi lipo, na akili zao kwa kawaida ni timamu.

Sasa, sisi tukisikia mwanamke hapati hedhi, swali letu ni moja: atazaa? Mimi nasema swali la kwanza liwe: atabaki mzima? Estrojeni hulinda mifupa. Ikikosekana, mifupa hudhoofika angali kijana. Ndiyo maana hospitali humpa homoni hiyo, pamoja na projesteroni ya kulinda tumbo la uzazi, kwa kawaida hadi anapokaribia miaka 50. Anayeacha dawa kwa kuwa amemaliza kurefuka anajidhulumu. Isitoshe, moyo, shinikizo la damu, sukari, tezi ya shingo na masikio vinahitaji kuangaliwa maisha yote.

Na uzazi? Wachache hushika mimba wenyewe; wengine wamezaa kwa yai la mwanamke mwingine, kwa msaada wa wataalamu. Lakini mshipa mkuu utokao moyoni huweza kutanuka na kupasuka, na mimba huzidisha hatari hiyo. Lazima moyo na mshipa huo vipigwe picha kwanza. Kwa hiyo, mawifi na mama wakwe, mnaposema "ajaribu tu, Mungu atajalia," jueni mnaweza kuwa mnamsukuma kaburini. Kama daktari amekataza, kulea mtoto wa kupanga nako ni uzazi.

Wazazi, binti akifika miaka 15 bila kuona hedhi, mpelekeni hospitali. Kama ni mfupi kuliko alivyotarajiwa, msingoje hata huko. Dawa ya kumrefusha haifai kitu mifupa ikishafunga. Nanyi waganga na wauguzi, mwanamke wa miaka 30 akiingia na kimo cha mtoto, msizungumze na mama aliyemsindikiza. Zungumzeni naye. Mwili ni wake, maswali ni yake, na majibu ni haki yake.