Dawa Rahisi kwa Wakati Wake: Matunzo ya Watoto Wenye Virusi vya UKIMWI

Mazungumzo haya yanahusu matunzo ya watoto wenye virusi vya UKIMWI katika hospitali zenye uhaba wa vifaa. Wako wanaodhani kwamba mtoto wa aina hiyo hawezi kuokolewa isipokuwa katika hospitali kubwa za nje. Dhana hiyo si sahihi, na huwachelewesha wazazi wengi.

Mfano ulio wazi unatoka Zambia. Kuanzia mwaka 2001, wakati dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa adimu, watoto zaidi ya 500 wenye virusi, wa umri wa mwaka 1 hadi 14, waliingizwa katika utafiti mjini Lusaka. Nusu yao walipewa kila siku kotrimoksazoli, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin. Wengine walipewa dawa ya kulinganisha isiyo na nguvu yoyote. Mwaka 2003 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwani tofauti ilikwisha kudhihirika: katika kundi la kwanza walifariki asilimia 28, na katika kundi la pili asilimia 42. Hapakuhitajika mtambo mpya. Watoto waliokolewa na dawa iliyokwisha kuzoeleka.

Hata hivyo, kotrimoksazoli huzuia homa ya mapafu na maradhi mengine nyemelezi tu. Virusi vyenyewe haiviui. Mtoto hana budi kupata dawa za kupunguza makali, tena mapema. Bila ya dawa hizo, takriban nusu ya watoto waliozaliwa na virusi hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Ndiyo maana tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mtoto mchanga aanzishiwe dawa mara tu anapobainika.

Kipimo cha kawaida hakitoshi kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kwa kuwa damu yake bado ina chembe za kinga alizorithi kwa mama. Hospitali isiyo na maabara kubwa huchukua matone ya damu ya kisigino mtoto anapofikia wiki 4 hadi 6, huyakausha juu ya karatasi maalumu, na kuipeleka karatasi hiyo kwenye maabara yenye uwezo. Mizani nayo ni chombo muhimu, kwani kipimo cha dawa hufuata uzito. Mtoto anayekua apimwe kila anapohudhuria kliniki. Tangu mwaka 2020 vimeidhinishwa pia vidonge vya dolutegravir vinavyoyeyuka katika maji, ambavyo huweza kupewa watoto wachanga kuanzia wiki 4.

Ndugu wananchi, yote hayo hayafai kitu iwapo mtoto hakuletwa. Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mama asiachwe peke yake na siri hiyo. Baba, bibi na jirani wamsaidie kutimiza tarehe za kliniki na saa za dawa. Mhudumu wa afya naye ampokee kwa heshima na aitunze siri yake, kwani neno moja la dharau huweza kumrudisha nyumbani asirejee tena.