Mawe ya Ukumbusho
Somo: Yoshua 4:1-9



Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitengeneza filme iitwayo En route pour le milliard (2020). Ndani yake tunaona watu waliopoteza miguu na mikono katika vita ya siku sita ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wa Kisangani. Wanapanda chombo na miguu yao ya bandia, wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa, mvua ikiwanyeshea, ili wawaulize wakubwa kama wamewasahau.

Mmoja atasema: Mkristo husamehe, ya nyuma ayaache. Lakini Mungu mwenyewe aliwaamuru Waisraeli watoe mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, ili watoto wakiuliza, wazazi wapate la kujibu. Kusamehe ni kumwachia Mungu kisasi. Si kufuta jina la aliyekufa.

Tangu Oktoba 2014, katika Beni tumezika wengi, na wengine hata kaburi lao hatulijui. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kuwa na akili ya kuuliza. Tutamwonyesha jiwe gani?

Wandugu, juma hili kila jamaa ichukue kaye. Iandike jina la marehemu wake, mahali na siku. Kisha muyasome majina hayo mbele za Bwana katika maombi ya jioni, watoto wakisikia.

Mungu awafariji. Amina.