Mchezo wa Kompyuta na Safari ya Kuelekea Jua
Mchezo wa kompyuta uitwao Kerbal Space Program, uliobuniwa nchini Meksiko na kutolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2011, humtaka mchezaji aunde roketi, airushe na kuiongoza kati ya sayari za kubuni zinazofuata kanuni za uvutano, yaani nguvu inayovuta vitu vyote kuelekeana. Somo lake lenye thamani kubwa zaidi, ambalo vitabu vingi hulipita haraka mno, ni kwamba kulikaribia jua ni kazi ngumu sana, kwa kuwa chombo kinachotoka duniani tayari hulizunguka jua kwa mwendo wa dunia yenyewe, takriban kilomita 30 kwa sekunde, na kisipopunguza mwendo huo hakiwezi kusogea ndani. Ndiyo sababu chombo halisi cha Parker Solar Probe, kilichorushwa na shirika la NASA la Marekani mwaka 2018, kilipita karibu na sayari ya Zuhura mara 7, uvutano wake ukikipunguzia mwendo, hadi mwezi Desemba 2024 kilipofika kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa jua. Hata hivyo, mwalimu anayeutumia mchezo huu hana budi kueleza kwamba, tofauti na hali halisi, mchezo hukokotoa uvutano wa gimba moja tu kwa wakati mmoja.