Hotuba ya Mjumbe wa Michezo katika Kikao cha Kacyiru



Nimepewa dakika chache kusema juu ya michezo. Nitazitumia kumkumbuka marehemu Hamad Ndikumana, maarufu kwa jina la Katauti. Alikuwa beki.

Alizaliwa Bujumbura mwaka 1978. Alichezea Rayon Sports, akaenda Ubelgiji kucheza Mechelen na Gent, kisha akahamia kisiwa cha Kupro. Timu ya taifa ya Rwanda, Amavubi, aliichezea miaka mingi na kuwa nahodha wake.

Tarehe 6 Julai 2003, kwenye uwanja wa Amahoro, si mbali na hapa Kacyiru, Rwanda iliifunga Ghana 1-0 na kupata nafasi ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Jina la mfungaji, Jimmy Gatete, hata watoto wanalijua. Waulizeni ni mabeki gani waliolinda bao lile hadi filimbi ya mwisho: watanyamaza. Katauti alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Tunisia mwaka 2004. Walifungwa na wenyeji 2-1, wakatoka sare na Guinea 1-1, wakaishinda Kongo 1-0. (Hilo la mwisho sisi wa Kongo tulilimeza kwa shida!)

Huko Kupro alichezea Anorthosis. Ndugu zangu, hiyo ni timu ya wakimbizi. Kwao ni Famagusta. Mwaka 1974 jeshi la Uturuki liliingia, watu wakakimbia, na mpaka leo timu haijarudi. Ilihamia Larnaca, ikajenga uwanja wake huko, jina la mji wake haikulifuta. Mwaka 2008 ikawa timu ya kwanza ya Kupro kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Katauti alifariki tarehe 15 Novemba 2017, akiwa na miaka 39. Wakati huo alikuwa kocha msaidizi wa Rayon Sports, anafundisha wadogo zake.

Sasa niseme la kwetu. Mazoezini kila kijana anataka kuwa mshambuliaji. Tuliyekuwa naye beki hodari ni mmoja, ana miaka 17. Mwaka jana aliitwa kwenye majaribio mjini. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilimfikia siku mbili baada ya majaribio kwisha. Simlaumu mtu kwa jina. Lakini kijana yule tangu siku ile hajavaa viatu vya mpira, na mama yake amekuja kwangu mara tatu.

Majaribio mengine yapo mwezi ujao. Naomba barua yake iandikwe wiki hii. Jina na namba yake nimeviandika hapa, Mwenyekiti, na nakala moja ni ya wageni wetu.