Karatasi Iliyoko Nyumbani Inatosha

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wa chekechea na shule za msingi, Wadi ya Mayoni, Kaunti Ndogo ya Matungu



Saa mbili usiku, ugali umeshapakuliwa, ndipo mtoto anapokumbuka. "Mama, mwalimu alisema kesho tulete manila." Maduka mengi sokoni yamefungwa, na pesa iliyobaki ni ya unga wa kesho. Baba anaamka kutafuta bodaboda. Manila ikipatikana, mtoto ameshalala. Basi mama anakaa kwenye taa hadi usiku wa manane, anakata, anabandika, anapaka rangi, na asubuhi mtoto anabeba kazi ambayo hakuigusa. Mwalimu akiitazama anajua mara moja. Mtoto wa miaka sita hakati mstari ulionyooka hivyo.

Kilichopotea usiku huo ni vitu viwili: pesa ambayo haikuwa na haja ya kutoka, na zoezi ambalo lilikuwa la vidole vya mtoto. Mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulipoanza kufundishwa kote nchini Januari 2019, ulimpa mzazi nafasi katika masomo ya mwanawe. Wengi waliielewa nafasi hiyo kuwa ni kununua, na wengine kuwa ni kumfanyia mtoto kazi yake. Kinachotakiwa hasa ni mzazi kukaa karibu, kumwonyesha mtoto mara moja, kisha kumwachia. Na kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka elimu ya chekechea na vituo vya ufundi wa nyumbani mikononi mwa serikali za kaunti, mazungumzo ya mkasi na gundi hayajapotea njia yakifika hapa.

Karatasi yenyewe imo nyumbani. Pakiti ya unga ya kilo 2 ni karatasi ngumu, nyeupe kwa ndani, na ikifunguliwa kwenye maungio yake, ikakung'utwa na kupanguswa, inatosha kadi mbili au barakoa ya mchezo wa kuigiza. Kalenda ya mwaka jana ina rangi nzuri mbele na uso mtupu nyuma. Yako magazeti, katoni za sabuni, na madaftari yaliyojaa ya mwaka uliopita. Mfuko wa simiti wa karatasi una tabaka zaidi ya moja za karatasi ya kaki. Tabaka la ndani linalogusa simiti litupwe, kwa sababu vumbi lake huwasha ngozi na macho, na tabaka la nje likung'utiwe uani na mtu mzima kabla mtoto hajaligusa.

Watu wa upande huu hawahitaji kuelezwa kwamba karatasi ni kazi ya watu. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kule Webuye, kaunti jirani ya Bungoma, kilianza kutengeneza karatasi miaka ya 1970 kwa miti ya misitu ya huku, na kilipofungwa mwaka 2009 mji mzima uliyumba. Hata makapi ya miwa, yanayobaki baada ya kukamuliwa, hutengenezwa karatasi katika nchi kama India. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, karatasi imezidi kuingia nyumbani kama vifungashio. Inayoingia ni nyingi, na nyingi huishia jikoni kuwashia moto.

Jambo moja kabla mkasi haujatoka. Kila nyumba iwe na katoni moja ya karatasi za kukata, na mtoto aambiwe wazi kwamba nje ya katoni hiyo hakikatwi kitu. Kijitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba na risiti za miwa vyote ni karatasi machoni pa mtoto, na hati ya shamba huwa na muhuri mwekundu unaovutia sana.

Gundi ya dukani si lazima. Vijiko vitatu vya unga wa ngano vinakorogwa katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Kisha mchanganyiko humiminwa katika vikombe viwili vya maji yanayochemka, huku ukikorogwa, mpaka uwe mzito na uanze kung'aa kama uji wa mgonjwa. Unga wa mhogo nao hufaa, na gundi yake hushika zaidi. Kijiko cha chumvi huchelewesha kuvu. Gundi hii hukaa siku mbili au tatu ikifunikwa; ikianza kunuka imwagwe. Mende na panya huipenda, kwa hiyo kazi iliyobandikwa ianikwe ikauke kabisa kabla ya kuwekwa kabatini.

Nyumba nyingi hazina mkasi mdogo, zina wembe. Wembe usiwe mkononi mwa mtoto wa chekechea hata kidogo. Karatasi hukatika vizuri bila chuma: inakunjwa, mkunjo unapitishwa ukucha mara mbili tatu, unageuzwa upande wa pili na kupitishwa tena, kisha karatasi inafunguliwa na kuchanwa taratibu juu ya ukingo wa meza au rula. Mtoto wa miaka mitatu au minne hata mstari hauhitaji. Achane tu vipande vidogo na kuvibandika ndani ya mchoro wa kuku au wa ndizi. Inaonekana ni mchezo wa kuchafua nyumba. Lakini vidole viwili na gumba vinavyochana karatasi ndivyo vitakavyoshika penseli, na mtoto aliyechana sana hachoki haraka anapoanza kuandika. Akifika miaka mitano anaweza mkasi wa ncha butu, mtu mzima akiwa karibu.

Kazi ya kwanza inayofaa familia nzima ni mnyororo. Ukurasa wa daftari dogo hutoa vipande kama saba vyenye upana wa sentimita 2. Kipande cha kwanza kinaviringwa kuwa pete na kubandikwa, cha pili kinapitishwa ndani yake, na kuendelea. Mdogo anapaka gundi, mkubwa anaviringa, nyanya anahesabu. Pete 60 hivi zinavuka chumba cha mita 3. Hayo ndiyo mapambo ya Krismasi, ya siku ya kumaliza PP2, ya kumkaribisha kijana anayerudi kutoka bweni. Zamani ukuta wa udongo ulibandikwa magazeti na dari ikavukwa na karatasi ya choo iliyosokotwa, na hakuna aliyeona ni umaskini. Sikukuu ilikuwa imefika.

Karatasi hiyo hiyo ya choo hutengeneza ua. Vipande vinane vinapangwa kimoja juu ya kingine, vinakunjwa huku na huku kama malinda ya sketi, vinafungwa uzi katikati, na ncha zinakatwa ziwe za mviringo. Kisha kila tabaka linavutwa juu peke yake, polepole. Hapa ndipo watoto wenye haraka huharibu, na wapewe nafasi ya kuharibu matatu ya kwanza. Maua kumi na mawili juu ya waya uliopindwa duara ni pambo la gari la arusi. Nyumba nyingine huyataka kwa shada la msiba, na hapo mvua huwa adui: ua la karatasi laini halimalizi mchana kaburini. Ua la karatasi ngumu kidogo likichovywa katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa hustahimili manyunyu. Nta iyeyushwe ndani ya kopo lililosimamishwa kwenye sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, na kazi hiyo ni ya mtu mzima.

Kwa familia za Kiislamu za Mayoni na Mumias, kadi ya Idd hukatwa mwezi mwandamo upande wa mbele na kubandikwa karatasi ya rangi kwa ndani, ili mwezi uonekane ukiwa na rangi. Kadi ya namna hiyo, ikiwa na mwandiko uliopinda wa mtoto, shangazi huihifadhi miaka.

Moto usisahaulike. Nyumba inayowasha koroboi au mshumaa isitundike mnyororo juu ya meza ya taa, wala karibu na jiko. Karatasi kavu na pamba ya mapambo hushika moto kwa kupepesa jicho. Mapambo yatundikwe upande wa ukuta usio na taa, na yashushwe sikukuu ikiisha.

Kwa watoto wakubwa, wa miaka kumi na kuendelea, ipo kazi ya shanga, na hii yastahili muda. Katika Acholi Quarter, Kampala, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, baadhi yao wakiponda mawe kwenye machimbo ili wale, walijulikana kwa kuviringa shanga za karatasi kuukuu. Shirika la BeadforLife, lililoanzishwa mwaka 2004, lilifikisha shanga za wanawake wa Uganda hadi Marekani. Kifaa chao hakikuzidi sindano nene au waya.

Hapa hutumika spoki ya baiskeli. Ukurasa wa kalenda wenye urefu wa sentimita 42 na upana wa 30 unachorwa pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, ncha ikifika ukingo wa pili, moja ikitazama juu na nyingine chini ili karatasi isipotee. Zinatoka takriban 40. Kila moja inaviringwa juu ya spoki kuanzia kitako, kwa kubana, ncha ikielekezwa katikati daima. Ikiyumba, ushanga huota nundu upande mmoja. Theluthi ya mwisho inapakwa gundi. Ushanga unachomolewa, unakauka hadi kesho yake, kisha unapakwa vanishi ya mbao mara mbili, nje ya nyumba kwenye hewa. Mkufu wa kwanza avishwe mama au nyanya. Kuhusu kuuza, asiahidiwe mtu kwamba shanga zitalipa karo. Soko la mikufu ni dogo, na anayetaka kujaribu aanze na karatasi aliyonayo, asikope pesa ya mtaji.

Na kwa kuwa wengi mliopo ni wakulima, mtoto anaweza kutengenezea shamba pia. Kipande cha gazeti cheusi na cheupe kinazungushwa kwenye chupa ya soda, kikiizidi kitako kwa vidole vitatu. Sehemu iliyozidi inakunjwa ndani, chupa inachomolewa, na kijungu kinajazwa udongo. Vijungu vinapangwa vikibanana ndani ya katoni ili visianguke. Mbegu mbili za sukuma wiki kwa kila kijungu, mtoto akimwagilia kila siku baada ya shule. Miche ikifika wiki nne hadi sita inahamishwa, na kijungu hakiondolewi bali huzikwa pamoja na mizizi, ambayo hulipenya gazeti linapooza. Ukingo wa gazeti usiachwe juu ya udongo, maana hufyonza maji na kuukausha mche.