Aliyejiajiri atathibitishaje mapato yake?

Ndugu msikilizaji, mtu aliyeajiriwa akiulizwa anapata kiasi gani kwa mwezi, kazi yake ni nyepesi. Anatoa karatasi ya mshahara, anaiweka mezani, basi. Karatasi hiyo hakuiandika yeye. Imeandikwa na mwajiri, kodi imekatwa humo humo kabla fedha haijafika mfukoni, na hata angetamani kuongeza sifuri moja asingeweza. Mimi mwenyewe nimo katika kundi hilo, na karatasi yangu, ingawa haina cha kujivunia, haijapata kutiliwa shaka na mtu.

Sasa mchukue aliyejiajiri. Huyu ni mwajiri, ni mwajiriwa, tena ni karani wa mishahara, yote kwa wakati mmoja. Akisema mwaka jana alipata shilingi milioni kumi, swali linalofuata ni hili: nani anasema? Likiulizwa na jirani, ni utani. Likiulizwa na ofisa uhamiaji wa nchi ya watu, linaweza kuamua mtu na watoto wake wataishi wapi.

Nimeona leo tulizungumze jambo hili kwa sababu vijana wengi wa mijini siku hizi hawana mwajiri. Wanatengeneza programu za kompyuta, wanachora ramani za nyumba, wanatafsiri, wanalipwa kwa kazi waliyofanya. Na wengi wao wana macho yanayotazama ng'ambo. Yaliyotokea Uingereza yanawahusu.

Mwaka 2008 Uingereza ilianzisha viza ya wenye ujuzi mkubwa, iliyoitwa Tier 1 General. Ilichukua nafasi ya mpango mwingine uliokuwapo tangu 2002. Uzuri wake ni kwamba mtu hakuhitaji mwajiri wa kumdhamini. Alihesabiwa pointi kwa elimu yake, umri wake na mapato aliyokwisha kupata. Kadiri mapato yalivyokuwa makubwa, ndivyo pointi zilivyopanda. Aliyejiajiri naye hakuzuiwa. Alichagua miezi 12 mfululizo kati ya miezi 15 iliyotangulia ombi lake, na alipaswa kuleta ushahidi wa aina mbili kutoka pande mbili, kama vile taarifa za benki zinazoonyesha fedha ikiingia, pamoja na barua ya mhasibu anayetambuliwa. Wazo lenyewe lilikuwa jema. Mashahidi wawili wakitaja hesabu moja, hesabu hiyo inaaminika.

Lakini palikuwa na ofisi nyingine iliyokuwa na hesabu yake. Nayo ni ofisi ya kodi.

Hapo ndipo penye kazi. Ofisa wa viza hufurahi ukimwambia umepata nyingi. Ofisa wa kodi naye hufurahi, ila furaha yake unailipia wewe. Namfahamu fundi cherehani mmoja mwenye madaftari mawili, moja la kumwonyesha bwana mikopo wa benki na jingine la kumwonyesha bwana kodi. Wala haoni haya kulieleza. Anasema kila mgeni na kikombe chake. Madhali wageni hao hawajaketi meza moja, mambo yake yanakwenda.

Kule Uingereza waliketi meza moja. Mlango wa viza ile ulifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi mwishoni mwa 2010, na kwa walio ndani mwaka 2011. Waliokwisha kuwa nayo, wakitimiza miaka 5, waliweza kuomba ukaazi wa kudumu, na hao walipewa mpaka Aprili 2018. Katika miaka hiyo ya mwisho Wizara ya Mambo ya Ndani ikawa inachukua hesabu za mapato alizopewa na mwombaji miaka ya nyuma na kuzilinganisha na zile alizopeleka kwenye kodi. Zilipotofautiana, wengi walikataliwa chini ya kifungu 322(5) cha kanuni za uhamiaji. Kifungu hicho kilihusu mwenendo na tabia ya mtu, na humo humo kilitaja tishio kwa usalama wa taifa. Hebu fikiri: mhandisi au mwalimu, ameishi pale miaka minane au kumi, watoto wanasoma pale, anapokea barua inayomweka kwenye kifungu kimoja na watu wa namna hiyo, kwa sababu ya ritani ya kodi.

Barua hiyo haikuishia kumnyima ukaazi. Viza ya zamani ikishakwisha, ruhusa ya kufanya kazi inakwenda, na ya kupanga nyumba inakwenda. Akiomba viza ya nchi nyingine, anaulizwa kama amewahi kukataliwa na kwa sababu gani. Ajibu nini?

Niseme wazi, ndugu msikilizaji. Mtu aliyemwambia ofisa wa viza kwamba alipata pauni 40,000, akamwambia ofisa wa kodi kwamba alipata 10,000, kisha akalikumbuka kosa lake miaka minne baadaye, majuma machache kabla ya kuomba ukaazi, huyo hanipi huzuni kubwa. Watu wa namna hiyo walikuwapo, na serikali yoyote ina haki ya kuwauliza.

Kuwauliza, nasema. Maana tofauti ya hesabu ina mama wengi. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili. Mwombaji viza aliruhusiwa kuchagua miezi yake, tuseme Oktoba hadi Septemba. Hesabu mbili za vipindi viwili tofauti, aliyejiajiri akiwa na mwezi wa neema na mwezi wa njaa, zitafananaje? Tena kuna wahasibu wanaokosea, na sheria yenyewe ya kodi inalijua hilo, ndiyo maana inampa mtu miezi 12 baada ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani ili airekebishe. Halafu kuna suala la karatasi. Sheria inamtaka aliyejiajiri atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5 baada ya tarehe 31 Januari ya kuwasilisha. Kumbukumbu za mwaka wa kodi ulioishia Aprili 2011 zilitakiwa kutunzwa mpaka Januari 2017. Aliyekuja kuulizwa habari zake mwaka 2018 angeweza kuwa amekwisha zichoma, na asiwe amevunja sheria yoyote.

Shauri hilo lilifika Mahakama ya Rufaa, na tarehe 16 Aprili 2019 hukumu ikatolewa katika rufani za waombaji 4. Majaji hawakusema kwamba Wizara haina haki ya kulinganisha hesabu. Walikubali kwamba tofauti kubwa isiyo na maelezo inatia shaka, na kwamba udanganyifu wa makusudi unatosha kumnyima mtu ukaazi. Walichokikataa ni Wizara kuruka kutoka kwenye tofauti moja kwa moja hadi kwenye neno udanganyifu, bila kumwambia mwombaji kwamba anashukiwa na bila kumpa nafasi ya kujieleza. Mimi nashangaa kwamba jambo hilo lilihitaji majaji. Hata baraza la wazee chini ya mwembe humwita mshitakiwa akasikilizwa kwanza. Na kuna waliokuwa wamekwisha funga mizigo na kuondoka kabla hukumu haijasomwa.

Viza ile haipo tena. Tangu Desemba 2020 Uingereza ina viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi inayotaka mwajiri mdhamini na mshahara wa kiwango kilichowekwa, na mapato ya mtu aliyejiajiri hayaongezi kitu kwenye hesabu hiyo. Kanada ni tofauti. Katika mpango wake wa shirikisho wa wafanyakazi wenye ujuzi, miaka uliyojiajiri nje ya Kanada inaweza kuhesabiwa. Wanataka ushahidi kwamba biashara ni yako, ushahidi wa mapato, na hati za watu uliowahudumia zinazoonyesha kazi uliyowafanyia na walivyokulipa. Maelezo yako mwenyewe juu ya kazi zako, hata ukiyaapia mbele ya wakili, hayatoshi.

Sasa tutazame makabati yetu. Kijana wa Nairobi analipwa kwa M-Pesa. Taarifa ya M-Pesa itaonyesha kwamba fedha iliingia, saa na dakika. Haitasema iliingia kwa kazi au ni mchango wa harusi. Ritani yake ya KRA inafuata Januari hadi Desemba na kuwasilishwa kabla ya Juni kwisha, na wapo wanaojaza sifuri kila mwaka ili mradi wamejaza. Siku ya kuomba viza sifuri hiyo itasoma nini? Wa Dar es Salaam, akiwa mfanyabiashara mdogo, TRA humkadiria kodi kwa mauzo yake ya mwaka, kwa hiyo karatasi aliyonayo inaeleza mauzo. Faida, ambayo ndiyo mapato yake hasa, haimo. Akiandika mauzo mahali palipoulizwa faida, amekwisha jitengenezea tofauti ambayo mtu mwingine ataikuta baada ya miaka saba.

Kwa hiyo kijana anayechora ramani, mteja wake wa Mombasa akimlipa leo kwa simu, amwandikie ankara leo na amwombe barua ya mistari mitatu leo hii hii: kazi gani, tarehe gani, kiasi gani. Kisha hesabu hiyo hiyo aipeleke kwenye kodi, hata kama inauma. Na akienda kwa mhasibu, asome kinachoandikwa kabla ya kutia sahihi, maana mwakani mteja huenda amehama mji, mhasibu amefunga ofisi, na kwenye karatasi limebaki jina lake peke yake.