Ankara ya Shushushu: Nani Hulipia Upelelezi wa Watetezi wa Mazingira?



Katika kongamano moja, msomi ninayemheshimu alinyanyuka akasema kuwa habari za kampuni za ulinzi kuwapeleleza watetezi wa mazingira ni mambo ya Wazungu. Polisi wao wamebanwa na sheria, alisema, ndiyo maana matajiri hukodi makachero. Sisi dola inatutosha. Akaongeza, na ukumbi ukacheka, kwamba Unguja hakuna anayehitaji mpelelezi: kaa kwenye baraza la Jaws Corner na kikombe cha kahawa, magharibi haijaingia utakuwa umeshajua kila kitu.

Nitamjibu kwa urefu, maana hoja hii naisikia hata kwa mawakili.

Nianze na kahawa. Anayenisikiliza barazani namjua ni mtoto wa nani. Akinizulia namjibu pale pale, na kesho nami nitamsikiliza yeye. Anayelipwa hanipi nafasi hiyo. Alichosikia hakizunguki mtaani kikasahihishwa; kinaandikwa na kupelekwa kwa mtu mmoja. Nilikuwapo kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, watu wakilalamikia njia ya kushukia baharini iliyozibwa na ukuta wa hoteli. Kijana mmoja alisimama chini ya mkungu akipiga picha kwa simu. Mzungumzaji hakumpiga picha hata mara moja. Alipiga nyuso za waliokaa mkekani, safu kwa safu, akianza na akina mama wa mwani. Alipoulizwa alisema anatoka "ofisini". Wiki ile ile msimamizi wa walinzi alimwita mama mmoja getini kwa jina lake kamili, akamwambia amwonee huruma mwanawe anayefanya kazi jikoni mle. Kahawa ya Jaws Corner haijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Hoja ya kwamba dola inatosha ni nzito zaidi. Kesi ya kampuni ya umeme ya EDF na Greenpeace nchini Ufaransa, na ya kampuni ya ulinzi ya TigerSwan na bomba la mafuta la Dakota Access kule Marekani, wenzangu mnazijua, nazipita. Nataka kukaa kwenye kesi niipendayo, ambayo wanafunzi wangu nimeshawachosha nayo: McDonald's dhidi ya Helen Steel na Dave Morris, London.

Kikundi chao, London Greenpeace, kilikuwa kidogo na maskini, wala hakikuwa tawi la Greenpeace ile kubwa. Mwaka 1986 kilitoa kipeperushi cha kuilaumu kampuni hiyo, pamoja na mengine, kwa ukataji wa misitu. Kampuni ikashtaki kwa kashfa mwaka 1990, na kesi ikasikilizwa siku 313, kuanzia Juni 1994 hadi Desemba 1996. Kumbukumbu za mahakama hiyo ni karamu kwa mtafiti. Humo tunasoma kuwa kampuni ilikodi wakala wawili wa upelelezi, na hawa hawakujuana. Mpelelezi wa huku akawa anaandika ripoti juu ya mpelelezi wa kule, akidhani ni mwanaharakati! Kuna mikutano ambayo waliolipwa walikaribia kuwa wengi kuliko wanachama. Mmoja alichukua barua za kikundi. Mwingine akaingia katika mapenzi na mwanachama. Walisaidia hata kugawa vipeperushi ambavyo mlipaji wao alivilalamikia mahakamani. Na mmoja wao, mwanamke, alirudi kutoa ushahidi upande wa washtakiwa.

Dola ilikuwa wapi? Ilikuwa humo humo ndani. Mwaka 2013 gazeti la Guardian lilifichua kuwa Bob Lambert, askari wa siri wa polisi ya London, alishiriki kukiandika kipeperushi chenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2000, polisi hao walikubali kuwalipa Steel na Morris pauni 10,000 na kuomba radhi, kwa sababu askari walikuwa wamepeleka taarifa za wawili hao kwa kampuni. Kwa hiyo dola yenye nguvu haikuiondolea kampuni haja ya kukodi. Iliipunguzia gharama tu.

Sasa turudi Afrika. Pale Virunga, mashariki ya Kongo, kampuni ya SOCO ya Uingereza ilitafuta mafuta ndani ya hifadhi. Juni 2015 shirika la Global Witness lilitoa hundi na risiti za malipo ya kampuni kwa Meja Burimbi Feruzi wa jeshi la Kongo, zaidi ya dola 40,000 kwa wiki chache za mwaka 2014. Huyu alituhumiwa kuwanyamazisha wapinzani wa mafuta kwa ukatili. Kampuni ilikanusha kuhusika na ukatili wowote. Mwenzangu angesema, si unaona, ni dola hiyo! Mimi naona dola iliyopangishwa kwa mwezi kama chumba cha Ng'ambo.

Haki yake nampa. Kampuni ina haki ya kulinda mali yake, na mlinzi wa getini si shushushu. Tena pale Virunga aliyevaa kamera ya siri alikuwa askari wa hifadhi, Rodrigue Katembo, akirekodi rushwa. Kwa msimamo wake alikamatwa na kuteswa. Kusikiliza kwa siri peke yake, basi, hakunipi jibu. Jibu nalipata kwa anayelipa.

Na hapa kwetu sheria ina tundu. Polisi ni jambo la Muungano. Mazingira si la Muungano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Zanzibar haigusi yasiyo ya Muungano. Yule kijana wa chini ya mkungu, akipiga picha za watu kwenye mkutano wa njia ya pwani, yuko upande gani? Wakati huo huo, Oktoba 2018 ulitiwa saini mkataba wa kutafuta mafuta na gesi baina ya Unguja na Pemba. Simtuhumu mtu, nasema mikutano ya vijiji itaongezeka.

Hatuhitaji kusubiri Dodoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Kanuni ziongeze ukurasa mmoja: mwekezaji ataje kila kampuni ya ulinzi, mshauri au ofisa anayemlipa kukusanya habari za wanakijiji, kwa kazi gani na kwa kiasi gani, na ukurasa huo ubandikwe kwa sheha. Akiuacha mtupu, ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, imrudishie faili.